Saa ya rubani ya mitambo: kila kilichomo kilianza kama kero ya mtu angani. Tuifungue

FundiMizani (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Juzi jamaa kaniletea saa yake mpya nimbadilishie mkanda. Bonge la saa: uso mweusi, namba nyeupe kubwa, kifundo cha pembeni kama kitunguu. "Hii ni saa ya rubani," akaniambia kwa madaha. Nikamuuliza, kifundo kimekuwa kikubwa hivi kwa nini? Staili. Na hiyo pembetatu yenye vitone viwili pale juu? Nembo ya kampuni. Nikafunga mkanda nikanyamaza, lakini moyoni nikasema hapa pana uzi.

Mimi si rubani. Ni mtu wa meza, lenzi jichoni na kibano mkononi, nafungua saa za watu mwaka wa 14 sasa. Hoja yangu ni moja: saa hizi hazikuanzia kwa mchoraji aliyekuwa akitafuta urembo. Kila kilichomo kilianza kama kero ya mtu aliyekuwa hewani na mikono yake ina kazi. Ukiona kitu kwenye saa ya rubani ukashindwa kutaja kero yake, hicho ni pambo, na kwenye saa za leo mapambo ni mengi.

Kero ya kwanza ilikuwa mikono yenyewe. Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekuwa akirusha vyombo vyake Paris, alimlalamikia rafiki yake Louis Cartier kwamba hawezi kuchomoa saa mfukoni huku anaendesha. Mwaka 1904 Cartier akamtengenezea ya kufunga mkononi. Kwetu leo ni jambo la kawaida, ila enzi hizo mwanamume na saa ya mkononi walikuwa hawaendani.

Halafu baridi, glavu na giza. Hapa ndipo sura tunayoijua ilipozaliwa: Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1940, saa ya mwangalizi, yule wa ndani ya ndege anayekokotoa iko wapi, Beobachtungsuhr, ambayo wapenzi wa saa wanaiita B-Uhr. Walioitengeneza ni watano: A. Lange & Söhne, IWC, Laco, Stowa na Wempe. Upana milimita 55, kwa sababu ndani mlikuwa na mashine ya saa ya mfukoni. Ilivaliwa juu ya mkono wa jaketi la ngozi, ndiyo maana mkanda ulikuwa mrefu hivyo. Kifundo kikubwa ni kwa ajili ya vidole vilivyo ndani ya glavu. Pembetatu ni ili mtu aliyeamka usingizini, au ambaye ndege yake imelala ubavu, ajue mara moja juu ni wapi.

Mwaka 1941 uso wa aina ya pili ukaingia: duara kubwa la nje likapewa dakika, 5 hadi 55, na namba za saa zikasukumwa ndani kwenye kiduara kidogo. Mtu anayekokotoa ndege iko wapi anaijua saa tayari, anachotafuta ni dakika na sekunde. Mimi huo ndio uso ninaoupenda kuliko zote, kwa sababu una ujasiri wa kusema hiki ni muhimu na hiki si muhimu.

Kitu kingine kilichokuwemo: ukivuta kifundo, mshale wa sekunde unasimama. Wote mnaoruka pamoja mnasimamisha, mnasubiri ishara, mnaachia pamoja, saa zinalingana. (Nitasema mishale, ingawa mzee aliyenifundisha kazi alikuwa hakubali neno jingine ila akrabu.)

Nitaendelea na za leo. Karibuni kwa maswali.

KunguruMweupe

Mkuu umeandika vizuri ila tuambiane ukweli. Rubani wa leo ana skrini nne mbele yake, ana GPS, ana simu mfukoni. Saa ya kutia ufunguo ya kazi gani? Hizi ni hereni za wanaume tu.

Mwewe_7

Kunguru, mimi nafundisha watu kurusha ndege ndogo, injini moja, viti vinne. Ngoja nikujibu kwa kitu nilichofanya wiki hii.

Ndege ninayoirusha ina mafuta kwenye mabawa yote mawili, lakini swichi ya mafuta inakupa kushoto au kulia, "yote mawili" haipo. Ukisahau, bawa moja linakauka na injini inazima huku bawa la pili limejaa. Kwa hiyo kila dakika 30 unahamisha. Mwanafunzi wangu anapogusa swichi, mkono wake mwingine unazungusha bezeli ya saa, ile pete inayouzunguka uso, alama inakaa mbele ya mshale wa dakika. Hahesabu, haandiki. Akitupa jicho anaona.

La pili. Umeme wote ulishawahi kunizimikia mchana kweupe, jenereta ya injini ikafa na betri ikafuata. Skrini nyeusi, redio kimya. Injini yenyewe haina shida, inajitegemea kwa umeme wake wa cheche. Nikabaki na dira, kipimo cha mwendo na saa. Uwanja wa karibu ulikuwa maili 38 za baharini, mwendo wangu maili 95 kwa saa. Hizo ni dakika 24. Nikashika uelekeo, nikatazama saa. Dakika ya 23 nikauona uwanja upande wa kushoto kidogo.

Ila sikufichi, siku ile nilikuwa nimevaa saa ya betri 😂

KunguruMweupe

Hapo mwisho umenipa ushindi mwenyewe 😂😂

FundiMizani

Kapteni Mwewe ahsante, na Kunguru chukua ushindi wako, sitaupinga. Saa ya betri ya kawaida inapotea takriban sekunde 15 kwa mwezi. Ya mitambo iliyopita mtihani wa COSC, wapimaji wa usahihi wa saa kule Uswisi (siku 15, mikao mitano, nyuzi joto 8, 23 na 38) inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku moja. Haziko ligi moja.

Lakini pigeni hesabu ya Mwewe. Sekunde 6 kwa siku, kwenye dakika 30, ni moja ya nane ya sekunde. Kwa kazi ya kuhamisha mafuta au kufika uwanja wa dakika 24, usahihi si shida ya saa yoyote kati ya hizi. Shida ni: je, itaendelea kutembea baada ya kutikiswa, kugongwa, kukaa kwenye sumaku, na je, utaisoma kwa jicho moja la haraka? Huko ndiko wahandisi wanakokesha, na huko betri na spiringi zinahangaika na matatizo mengi yaleyale.

BintiYakuti

Naomba niingie kwenye kusoma, maana kazi yangu ni vioo (si vya saa, lakini mwanga haubagui).

Saa nzuri za leo zina kioo cha yakuti ya maabara. Ugumu wake ni 9 kwenye kipimo cha Mohs, almasi ikiwa 10, kwa hiyo funguo na sarafu haziikwaruzi. Watu wanaishia hapo kusifia. Wasichoambiwa ni kwamba yakuti inarudisha mwanga kuliko kioo cha kawaida. Kioo cha dirisha kila upande unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaokuja wima. Yakuti ni karibu asilimia 7.7. Zidisha kwa pande mbili, unakaribia asilimia 15. Ukiwa juu ya mawingu, jua linakupiga usoni na kutoka chini pia, hiyo asilimia 15 ni kioo cha kujitazama nywele.

Dawa yake ni kupaka matabaka membamba mno ya kemikali, unene umepimwa ili mwanga unaorudi kutoka tabaka moja uufute ule wa tabaka jingine. Ndiyo maana ukiinamisha saa hizo unaona rangi ya bluu au zambarau kwa mbali. Ugomvi uliopo ni huu: upake ndani tu, au ndani na nje? Nje kunasaidia sana, ila utando wenyewe si mgumu kama yakuti, kwa hiyo ndio unaochunika. Umenunua kioo kisichokwaruzika kisha ukakivika nguo inayokwaruzika.

Mimi ningepaka pande zote na kuvumilia mikwaruzo. Mwenye hofu apake ndani tu.

FundiMizani

Dada BintiYakuti umenimalizia nusu ya nilichotaka kuandika. Nakubaliana nawe, na nimeshaona wateja wanaleta saa wakidhani kioo kimekwaruzika kumbe ni utando tu.

Niongeze kitu kimoja cha kioo ambacho watu hawakijui: hewa. Saa ya mpiga mbizi maji yanasukuma kioo kuelekea ndani, kinazidi kukaa. Saa ya rubani ni kinyume. Ndani ya saa mmefungwa hewa ya ardhini. Ukipanda juu, hewa ya nje inapungua na ile ya ndani inataka kutoka. Kwenye mita 10,000 hewa ya nje ina kama robo tu ya msukumo wa usawa wa bahari. Ndege ya abiria inafunga hewa yake, kwa hiyo mkononi mwako hali ni ya mlima wa mita 2,400 hivi au chini ya hapo. Lakini ikitokea hewa ya ndege imetoka ghafla huko juu, kioo cha upana wa milimita 35 kinasukumwa kutoka ndani kwa nguvu kama ya kilo 7. Na kioo cha kawaida kimeshikwa na nini? Pete ya plastiki na msuguano, basi. Imeundwa kuzuia kitu kisiingie.

Ndiyo maana watengenezaji makini wanaandika kwamba kioo kimezuiwa kisichomoke hewa ikipungua ghafla. Mstari huo kwenye karatasi ya saa hauna mvuto wowote. Nikiuona huwa naanza kumheshimu mtengenezaji.

KobeMtaratibu

Wakuu samahani kuwatoa nje ya mada kidogo. Nina saa ya namna hii, ya kujijaza yenyewe, haijafika miaka miwili. Ghafla imeanza kukimbia, dakika 9 mbele kwa siku. Nimeipeleka kwa fundi mmoja, hakuifungua hata, kasema mashine nzima imechakaa ibadilishwe. Bei aliyonitajia nilikaa chini. Ni kweli?

FundiMizani

Kobe, hauko nje ya mada hata kidogo. Usibadilishe chochote kwanza.

Saa iliyochakaa au yenye mafuta yaliyokauka mara nyingi inachelewa, mwendo wake unachoka. Ikikimbia dakika nzimanzima kwa siku, tena ghafla, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni sumaku. Chukua dira ndogo, ya kawaida kabisa, iweke mezani itulie, kisha sogeza saa yako taratibu pembeni yake. Sindano ikicheza na kufuata saa, umempata mwizi.

Nieleze kinachotokea, maana hapa ndipo palipo na uhandisi mzuri kuliko pote kwenye saa ya rubani.

Moyo wa saa ni gurudumu la mizani. Linakwenda na kurudi, kwenye mashine nyingi za leo mapigo 28,800 kwa saa moja, yaani 8 kila sekunde. Kinachoamua kasi hiyo ni spiringi nyembamba iliyojikunja kama dawa ya mbu. Ukiitazama kwenye lenzi inapumua: inafunguka, inajikusanya. Sasa ikishika sumaku, mizunguko yake inavutana, miwili inagandana. Spiringi inayofanya kazi inakuwa fupi kuliko ilivyopimwa, na spiringi fupi inapiga haraka. Hizo ndizo dakika zako 9.

Chumba cha rubani kimejaa spika, mota na nyaya. Kwa hiyo tangu zamani walitafuta kinga, na ya kwanza ilikuwa boksi. IWC Mark 11, iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi la anga la Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, ndani ya bodi lake la chuma cha pua ina kikombe cha chuma laini. Chuma laini kinapitisha sumaku kwa urahisi, basi mistari ya sumaku inapita kwenye kuta za kikombe na kuizunguka mashine. Uso wa saa wenyewe nao ni wa chuma laini, ndio kifuniko cha juu cha hicho kikombe.

Mnaona gharama yake? Saa inanenepa. Kila tundu unalotoboa ni mlango, hata dirisha la tarehe. Na mfuniko wa nyuma wa kioo, ule wa kuonyesha mashine ikicheza, unakuwa umeondoa ukuta mzima. Kila ninapoona saa inayojiita ya rubani yenye mgongo wa kioo na hakuna kinga nyingine yoyote, najua nani alishinda kikao, mhandisi au muuzaji.

Njia ya pili ni kubadilisha spiringi yenyewe. Mswisi Charles Édouard Guillaume alipewa Nobel ya fizikia mwaka 1920 kwa kazi yake ya aloi za chuma na nikeli, na matunda yake mojawapo ni spiringi zisizoyumbishwa na joto. Siku hizi kuna silikoni, ileile ya vifaa vya kompyuta, inachongwa kwa kemikali. Haijui sumaku ni nini. Mwaka 2013 Omega walionyesha mashine inayovumilia zaidi ya gausi 15,000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na haina kikombe cha chuma, kwa hiyo mgongo wa kioo unaruhusiwa. Kulinganisha: saa inaruhusiwa kuandikwa "inahimili sumaku" kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 764 ikivumilia ampea 4,800 kwa mita, ambayo ni kama gausi 60.

Dosari ya silikoni kwa sisi wa meza: haikunjiki. Spiringi ya chuma ikipinda nainyoosha kwa kibano nikiwa nimezuia pumzi. Ya silikoni inavunjika, unaagiza nyingine kwa mwenye nayo. Nimeshavunja moja. Siku ile nilifunga duka mapema.

KunguruMweupe

Sawa, hii ya sumaku nimeikubali. Lakini yale madude yenye tarakimu nyingi pembeni mwa uso, kama rula imekunjwa? Hapo mtanitetea vipi?

Mwewe_7

Hiyo ni rula ya kukokotoa ya duara, maarufu zaidi ni Breitling Navitimer, ilitoka mwaka 1952. Jaribu nami. Duara la nje linazunguka, la ndani limetulia. Mwendo wako ni maili 120 kwa saa. Zungusha mpaka 12 ya nje ikae juu ya 60 ya ndani. Umeshamaliza, usiguse tena. Safari ya maili 45? Tafuta 45 duara la nje, tazama chini yake: 22 na nusu. Ndiyo dakika zako. Mafuta vilevile: injini inakunywa lita 32 kwa saa, weka 32 juu ya 60, tazama 45 ya ndani, juu yake ni 24. Lita 24 kwa dakika 45. Rula haijui nukta ya desimali, 24 na 240 kwake ni kitu kimoja; hiyo ni kazi ya kichwa chako.

Inafanya kazi kweli. Ila kwenye ndege inayotikisika, vistari vile vidogo, mimi na macho yangu ya miaka 50... Nina ile ya plastiki, kubwa kama sahani, ipo kwenye begi.

FundiMizani

Na hapo ndipo kanuni yangu inaponibana mwenyewe. Kero yake ilikuwa ya kweli kabisa mwaka 1952, kwa hiyo siwezi kuiita pambo. Lakini imejaza uso tarakimu hadi kusoma dakika kumekuwa kazi, na kusoma dakika ndiyo kazi ya kwanza. Nawaachia.

Tarishi_wa_Usiku

Mmesahau GMT, saa inayoonyesha muda wa mahali pawili kwa pamoja. Rolex walitengeneza GMT-Master miaka ya 1950 kwa ajili ya marubani wa Pan Am, shirika la ndege la Marekani, mshale wa nne unaozunguka mara moja kwa saa 24. Unausogeza wenyewe kwenye saa ya nchi nyingine, ile mingine haiguswi. Ufundi mkubwa kabisa ule.

FundiMizani

Tarishi, karibu sana, ila hapo nikurekebishe kidogo. Ile ya mwanzo kabisa mshale wa saa 24 ulikuwa umefungwa pamoja na mshale wa saa wa kawaida, haukuweza kusogea peke yake. Ulichozungusha ni bezeli. Kutenganisha mishale kulikuja miaka ya 1980 na GMT-Master II, na kilichotenganishwa ni mshale wa kawaida: unaurusha mbele au nyuma saa mojamoja, ule wa saa 24 unabaki kwenye saa ya dunia (UTC), ambayo ndiyo marubani wote wanaandikia ratiba. Dakika na sekunde hazisimami.

Leo ziko aina zote mbili. Kuna ambayo mshale unaorukaruka ni ule wa saa 24, inafaa kwa mtu aliyekaa nyumbani anayempigia ndugu ughaibuni. Kwa anayeshuka nchi moja na kupaa nyingine, iliyo sahihi ni ile ya mshale wa kawaida kuruka. Mashine ya namna hiyo ni ngumu zaidi kuitengeneza, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua.

Tarishi_wa_Usiku

Nimesoma, nimesalimu amri. Kronografu je, zile zenye stopuwochi ndani?

FundiMizani

Nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Mashine iliyobeba saa nyingi za rubani za nusu karne iliyopita ni Valjoux 7750, kazi ya miaka ya 1970, mkuu wa usanifu wake Edmond Capt. Unene milimita 7.9, si nyembamba. Nikiifungua huwa naitambua kabla sijaitazama: rota yake, kile kipande kizito kinachozunguka mkono ukitikisika, inajaza spiringi ikizunguka upande mmoja, upande wa pili inakimbia bure, basi ukitingisha mkono unasikia kitu kama panya anakimbia ndani ya kopo. Ukibonyeza kuanzisha, kidole kinahisi upinzani, halafu *tak*. Wale wapenzi wa gurudumu la nguzo, njia ya zamani na ya gharama zaidi ya kuendesha stopuwochi, wanasema haina ulaini. Ni kweli. Inatumia kamu, vipande bapa vya chuma vilivyokatwa, vinavyotengenezeka kwa wingi na haviharibiki ovyo. Kinachounganisha stopuwochi na mashine ni kijiti kidogo chenye gia kila ncha. Ukibonyeza, ncha moja inainama na meno yanashikana. Wazo hilo Edouard Heuer alilipatia hataza mwaka 1887. Limedumu kwa sababu ni rahisi.

Lakini kwa rubani 7750 ina kasoro moja, nayo ni ya kusoma. Sekunde za stopuwochi ziko katikati na mshale mrefu, ila dakika ziko kwenye kiduara kidogo kinachoishia 30. Mwewe anahamisha mafuta kila dakika 30, na hapo ndipo kiduara kinaporudi sifuri. Je, ni dakika 2 au 32? Lemania walilijibu swali hilo mwishoni mwa miaka ya 1970 na mashine yao 5100: wakaweka mshale wa dakika za stopuwochi katikati pia, ukitembea kwenye duara lilelile kubwa la 60. Ilikuwa na vipande vya plastiki ndani, mafundi wengi waliikunjia pua, na ilipendwa na majeshi kuliko nyingi zilizokuwa nzuri ndani. Ilipokoma kutengenezwa, Sinn wa Ujerumani (kampuni iliyoanzishwa na Helmut Sinn, mwenyewe rubani na mwalimu wa marubani) wakaichukua 7750 na kuibadili ifanye hivyohivyo. Kwangu hiyo ni kazi ya uhandisi yenye akili kuliko kuweka mwezi na nyota kwenye uso.

Kuna pia ile ya kurudisha na kuanza upya kwa bonyezo moja. Stopuwochi ya kawaida inataka mabonyezo matatu: simamisha, rudisha, anzisha. Anayeruka kwa vipande, kila kona anaanza kuhesabu upya, hana muda huo. Ndani yake nyundo ya kurudisha inabidi iachanishe gia kwanza, ipige, kisha ziungane tena, vyote ndani ya bonyezo hilohilo.

BintiYakuti

Fundi, kuna kiwango chochote cha kupima yote haya? Au kila mtu anajiitia saa yake ya rubani?

FundiMizani

Kila mtu anajiitia, ndiyo shida. Lakini Wajerumani wana kitu. Mwaka 2012 Sinn na chuo cha ufundi cha Aachen walitoa kiwango kiitwacho TESTAF, na mwaka 2016 kikazaliwa DIN 8330 ambacho ni cha taifa. Wazo lake linanifurahisha: saa ihesabiwe kuwa inaweza kushika nafasi ya vifaa vya kupimia muda vya ndege. Inapimwa kusomeka mchana na gizani, mtikisiko, mabadiliko ya hewa, joto, vimiminika vya ndege, sumaku. Na kuna sharti ambalo sikulitegemea nilipolisoma mara ya kwanza: saa isiwe hatari kwa ndege. Isimwakie rubani machoni, na isiivuruge dira.

Mwewe_7

Hilo la dira lina sababu. Dira yetu ipo juu ya dashibodi, na mkono wa mtu unapita pale mara mia. Leo baada ya kusoma hapa nilisogeza saa yangu ya mitambo karibu nayo tukiwa bado tumeegesha. Sindano ikaondoka digrii 4. Mwanafunzi akanitazama.

FundiMizani

Kapteni, yako nayo imeshika. Tafuta mashine ya kuondoa sumaku, kiboksi chenye kitufe. Weka saa juu, bonyeza, na ukiwa bado umebonyeza inua saa taratibu kwenda juu mpaka urefu wa mkono wako, ndipo uachie. Watu wengi wanaachia saa ikiwa bado iko juu ya kiboksi, wanaishikisha sumaku upya.

KobeMtaratibu

Wakuu nimerudi. Dira ilicheza kama mwendawazimu. Nimepata kijana mwenye hicho kiboksi, sekunde tano kazi imekwisha, hakutaka hata hela. Siku ya tatu leo, iko mbele sekunde 5 kwa siku.

Na chanzo nimekipata. Kila usiku nilikuwa naiweka juu ya kava la tableti, lile linalojifunga lenyewe. Nimepitisha dira juu yake, sindano ikazunguka mduara mzima.

KunguruMweupe

Kobe, huyo kijana yuko wapi? Kuna saa ya mtu hapa, si yangu.

FundiMizani

😂😂 Ilete, Kunguru.